Siku Mama Mkwe Alipopanda Gari la Rimu za Dishi

Wengi mmeniuliza, dukani, kanisani na hata kwa simu, ilikuwaje niondoke Kamenu asubuhi na mapema kwenda Mwihoko kumchukua mama mkwe, kisha nirudi naye jua likizama, ilhali watu wengine huenda na kurudi na bado wakapata nafasi ya kunyolewa. Kuna mmoja wenu, na anajijua, ameshatangaza kwamba nilipotea njia. Sikupotea. Thika Road imenyooka na mabango yake ni makubwa kuliko duka langu. Naandika haya nisimulie mara moja tu, kisha nirudi kuuza magodoro yangu kwa amani.

Mnajua kwamba Nekesa, mke wangu, alijifungua kwa upasuaji. Mtoto yuko salama, na jina lake ni Wanjiru kama mama yangu, ndivyo desturi yetu inavyotaka. Kidonda kilipona vizuri. Ila mke wangu aliacha kula. Akina mama wa kanisa walikuja na chupa za uji na masufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, kwa sababu kwetu Wakikuyu mzazi hulishwa njahi mpaka aombe msamaha. Nekesa ni Mbukusu, na njahi haimpiti kooni. Alikuwa akishukuru, akionja kijiko kimoja, kisha anageukia ukuta. Nikapika wali. Nikapika mayai. Nikanunua kuku wa kukaangwa. Ni ukuta tu. Daktari alisema tumpe muda, na tumtafutie mtu wa kuwa naye. Nilikuwa nikilala kando yake nikiwa na hofu, na sitaki hata kuandika ni hofu ya nini. Kisha jioni moja akasema, "Nataka mama."

Mama Nekesa anaishi Mwihoko, na goti lake haliwezi kupanda ngazi za magari ya abiria. Kwa hiyo ilikuwa ni mimi na gari langu.

Kamenu hadi Witeithie

Niliondoka Nekesa akiwa macho. Aliniambia, "Usimwendeshe mbio," nikamwambia sitamwendesha mbio, na hiyo ndiyo ahadi niliyoitimiza siku hiyo kuliko ahadi zote nilizowahi kutoa.

Lazima niwaambie kuhusu rimu, maana nyinyi mmeziona na mmezicheka. Ni zile za dishi, zenye kina kama bakuli la supu. Nimezitamani tangu nikiwa kijana asiye hata na baiskeli. Zilikuwa zimepatikana juma lile lile kwa fundi mmoja wa Ruiru, na Ruiru iko njiani. Nikajiambia, nitazifunga asubuhi, kisha nimchukue mama mkwe kwa gari lenye heshima, ajue binti yake hakuolewa na mtu wa kubahatisha. Cheka tu. Nilikuwa na moyo safi.

Nilipita Witeithie kumsalimia mama yangu, nikidhani ni salamu za mlangoni. Alitazama ndani ya gari, akatazama kiti cha nyuma, akanitazama mimi.

"Kariuki, unaenda kwa wakwe na gari tupu?"

"Mama, naenda kumchukua tu."

"Mkono mtupu haulambwi," akasema, na tayari alikuwa ameshika kiondo.

Kiondo hicho kikajaa nduma, viazi na maparachichi. Halafu akaanza kutafuta sufuria yenye kifuniko, na harufu niliyoisikia jikoni nikaijua. Nikamwambia, kwa upole wote nilio nao, kwamba njahi hapana. Alisimama na mwiko mkononi.

"Hiyo ndiyo inaleta maziwa. Nimempikia kila siku. Kwani nimemkosea nini huyo msichana?"

Mama yangu si mtu wa kulia ovyo, na hakulia. Lakini alikaa kwenye stuli yake akaanza kufuta kifuniko ambacho kilikuwa kisafi. Sikuweza kuondoka hivyo. Nikakaa, nikanywa chai, nikanywa ya pili, nikala sahani nzima ya njahi mwenyewe, nikamweleza kwamba Nekesa hana kinyongo na mtu, ana huzuni tu, na huzuni hiyo hata mimi imenishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nenda ukalete mama yake," akasema. "Mimi nitakuja baadaye."

Witeithie hadi Ruiru

Karakana ya Mutiso iko nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye uwanja wa vumbi ambapo mama mmoja anapika chapati chini ya mwavuli. Watu humwita Mama Chapo. Mutiso ni Mkamba mrefu anayevaa miwani ya jua hata akiwa chini ya gari, na anapenda kazi yake kiasi kwamba huipiga picha kabla haijaisha.

Alitoa magurudumu yangu ya zamani akayaegemeza ukutani. Tulikuwa tumekubaliana kwamba yatabaki kwake. Akafunga zile za dishi moja moja, akirudi nyuma kila mara kutazama.

"Hii ya nyuma nakuwekea spesa, boss," akasema, akinionyesha kipande cha chuma cha duara kinachokaa kati ya rimu na gari. "Itoke nje kidogo. Ikikaa ndani sana haionekani, na sasa ulinunua ya nini?"

"Haitasugua?"

"Isugue wapi? Ingia, zungusha usukani yote."

Nikazungusha mpaka mwisho kulia, nikazungusha mpaka mwisho kushoto. Mutiso alikuwa amepiga magoti akiangalia. Kimya. Tukaingia wawili mbele tukazunguka mtaa, tukapanda tuta la kwanza na la pili. Kimya kabisa. Aliniuliza kama huwa nabeba watu, nikamjibu kwamba ni mimi na bibi tu. Ilikuwa kweli, kwa siku nyingine zote isipokuwa hiyo. Hakuna kati yetu aliyetazama kiti cha nyuma. Kiondo tulikuwa tumekishusha kwa Mama Chapo ili kisituzuie kufanya kazi.

Nikapakia kiondo tena, nikatoka pale nikienda polepole mbele ya kila duka lenye kioo.

Ruiru hadi Mwihoko

Mama Nekesa alikuwa amekaa nje ya geti la ploti yao ya vyumba vya kupanga, kwenye kigoda, leso mbili kiunoni, mkongojo magotini. Jirani yake, Mama Brayo, aliniambia kwamba alikuwa hapo tangu kuche.

Sasa, wale ambao hamjaoa kwa Wabukusu, sikilizeni. Kwao mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono. Hamkai mkitazamana. Siku ya kwanza nilipopelekwa kujulishwa nilinyoosha mkono kwa adabu zote za Kikuyu, na shangazi mmoja akaushusha kama anayezuia mtoto asiguse jiko. Tangu siku hiyo mimi na Mama Nekesa tulikuwa tumesalimiana kwa miaka bila kusemezana. Kulikuwa na mtu wa katikati kila mara.

Kwa hiyo nilisimama mbali nikainamisha kichwa.

"Hamjambo huko nyumbani?" akauliza, akimwangalia Mama Brayo.

"Hatujambo, Mama. Mtoto hajambo." Hata mimi nikamjibu Mama Brayo.

Nikatoa kiondo. Hapo ndipo mzigo ulipoanza, kwa sababu kama kwetu, kwao pia kiondo cha watu hakirudi kitupu, na mtu akikuletea kimejaa, wewe unakirudisha kikiwa kimejaa zaidi. Mama Nekesa huuza mboga za kienyeji, na alikuwa amejitayarisha. Yalitoka marobota ya mrenda na saga. Ukatoka mkungu wa ndizi. Likatoka gunia la wimbi na muhogo mkavu, malenge mawili, na mwishowe, likibebwa na wanaume wa ploti, likatoka jiwe la kusagia. Nikauliza kwa Mama Brayo kama jiwe nalo linasafiri. Jibu lilikuja kwamba unga wa mzazi husagwa siku ile ile.

Kiti cha mbele hakukitaka, na sikushangaa. Alikaa nyuma yangu moja kwa moja, mahali ambapo singeweza kumwona, akanong'ona kitu.

"Anasema ugeuze hiyo kioo ya katikati," Mama Brayo akasema dirishani. "Inamwangalia."

Nikakigeuzia paa.

Mwihoko kurudi Ruiru

Tuta la kwanza liko kabla hata ya kutoka mtaani. Nililipanda kwa utaratibu, na gari likashuka na sauti ambayo sijawahi kuisikia, *kwaruuu*, kutoka nyuma kulia. Chini ya Mama Nekesa.

Nilijua mara moja. Mzigo umelala nyuma, springi zimekaa, fenda, lile bati linalofunika gurudumu, imeshuka juu ya tairi, na ile spesa ya Mutiso imelisogeza tairi nje likutane nayo vizuri. Lakini hebu niambieni, ninyi wajuaji, ungemwambia nini mama mkwe wako? Kwamba gari linalia kwa sababu yeye ameketi? Nilinyamaza. Nikapunguza mwendo.

Tuta la pili, *kwaruuu*. Shimo, *kwaruuu*. Harufu ya mpira ikaanza kuingia. Dawa ilikuwa rahisi, angekuja mbele mzigo ugawanyike, na hiyo ndiyo dawa ambayo singeweza kuitaja. Nikajaribu nyingine. Nikauambia usukani kwamba labda upande wa kushoto una nafasi zaidi.

"Huku nimekaa vizuri," likaja jibu, la baridi kidogo. Baadaye aliniambia alidhani nataka kumwona kwenye kioo cha pembeni.

Tukaenda hivyo, kwenye barabara ya kando, mwendo wa jongoo. Mtu wa mkokoteni wa maji alitupita. Akageuka akazitazama rimu, akatazama mwendo wetu, akacheka peke yake mpaka akasimamisha mkokoteni. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Sikusema neno, kwa sababu sikuwa na mtu wa katikati wa kumwambia, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo kimya cha nyuma kilivyozidi kuwa kizito.

Karibu na Kimbo alizungumza, polepole, kama anayeongea na dirisha.

"Safari ikikataa mtu hailazimishi. Nirudishwe tu nyumbani."

Nikaegesha kando. Nilimwona akilini Nekesa akigeukia ukuta. Ningemwambia nini? Kwamba mama yake alifika Kimbo akarudi?

"Mama," nikasema nikitazama mbele, "si wewe. Ni rimu."

Rimu ni kitu gani kwake?

"Ni ujinga wangu, Mama. Nimefunga magurudumu makubwa ili upendeze ukija. Fundi yuko Ruiru. Tufike kwake tu. Akishindwa, nitakurudisha mwenyewe, polepole, na sitakulazimisha."

Nilisikia mkongojo ukigonga sakafu.

"Tufike," akasema.

Ruiru, hatua moja mbele, hatua moja nyuma

Mutiso aliona gari likiingia limekalia matako akavua miwani.

"Boss, umebeba nini?"

"Nimebeba mama mkwe."

"Si ulisema ni wewe na bibi?"

"Si wewe ulisema hakuna kusugua?"

Mnanijua. Nilikuwa nimeshafungua mlango nimshike vizuri. Lakini nyuma mtu alikohoa, kikohozi kidogo cha mama mtu mzima, nami nikaufunga mlango polepole. Nikaomba magurudumu yangu ya zamani. Mutiso akatazama ukuta uliokuwa mtupu, akasema kuna mwenye teksi wa Juja aliyetoka nayo muda si mrefu.

Nitasema hili kwa kumtendea haki: hakukimbia kosa. Alilala chini akamulika, akaweka kidole kati ya tairi na fenda, kidole kikakataa kupita.

"Tulipima gari tupu," akasema. "Mimi na wewe wote. Sasa hivi, spesa inatoka. Halafu huu mdomo wa fenda wa ndani naukunja juu, tairi ipate njia. Lakini nakunja mzigo ikiwa ndani, vile itakuwa kwa barabara. Na mama akae pale pale alikuwa."

Wakati spesa zinatolewa Mama Nekesa alipumzika kwenye benchi la Mama Chapo. Kisha akarudishwa mahali pake, juu ya tairi lenye makosa, na mimi nikawekwa kwenye usukani. Kazi ilikuwa hivi. Mutiso aliingiza mpini wa jembe kati ya tairi na fenda. Mama Chapo akamwaga maji ya moto juu ya rangi ili isipasuke. Mama Chapo huyo huyo na mteja wake mmoja wakasukuma gari, injini ikiwa imezimwa, lisogee mbele kama hatua moja, tairi likizungusha mpini, mpini ukikunja chuma. Kisha nyuma hatua moja. Kisha mbele. Hiyo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote za safari yangu, na ilikwenda urefu wa mkeka.

"Mama," Mutiso akasema, "wewe uko juu yake, unasikia kuliko mimi. Chuma ikianza kulia vibaya, huyu akanyage breki. Mpini ikipita hapo fenda inapasuka."

Tukasukumwa. Nikasikia nyuma yangu, "Fundi, mwambie asimame." Lakini lori la mawe lilikuwa likipita, Mutiso hakusikia, na mimi, kwa heshima yangu ya kipumbavu, nikangoja niambiwe na fundi. Mpini ukachomoka ukapita kando ya sikio la fundi ukagonga ndoo.

Mutiso akauokota.

"Mama, na heshima," akasema, "mimi niko na mikono mbili na zote ziko huku. Mwambie mwenyewe."

Maji mengine yakamwagwa. Gari likaanza kusogea, polepole, na mimi nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu kama mtu anayeshuka mlima.

"Simama," ikasema sauti nyuma yangu.

Nikakanyaga breki.

"Rudi kidogo. Tena. Tena." Kisha, chini kidogo, "Simama, mwanangu."

Sijui kama ninyi mmewahi kuitwa mwana na mtu aliyekunyamazia miaka. Nilitazama vumbi kwenye kioo cha mbele, mguu ukiwa bado kwenye breki.

Maji yalikwisha moto, ikabidi yachemshwe tena. Mama Chapo alituletea chapati na maharagwe ya madondo humo humo garini. Mama Nekesa kwa kawaida hawezi kula mbele yangu wala mimi mbele yake. Lakini pale sote tulikuwa tunatazama ukuta wa duka la mabati, mmoja nyuma ya mwingine, na nikatambua kwamba gari limetengenezwa kwa ajili ya wakwe. Nilisikia sahani yake ikikwanguliwa. Alikuwa na njaa tangu alfajiri.

"Nekesa anakula?" akauliza.

"Hali, Mama."

"Analia?"

"Usiku. Akidhani nimelala."

"Na wewe unafanya nini?"

"Najifanya nimelala," nikasema. "Sijui cha kufanya, Mama. Kama ningejua ningefanya."

Sikuwa nimemwambia mtu hilo, hata mama yangu.

"Huyo nilimzalia hapa hapa Ruiru," akasema. "Kwa mashamba ya kahawa, kambini. Mama yangu alikuwa Bungoma. Alitumiwa habari, lakini njia ilikuwa ndefu na hakuwa na wa kumleta. Nililia mpaka watu wa kambi wakachoka na mimi. Kulikuwa na jirani, Mkikuyu. Alikuwa ananiletea hizo njahi zenu."

"Ulizila?"

"Nilikula nikilia. Ni mbaya hizo njahi. Lakini alikuwa anakaa hapo mpaka nimalize, hasemi kitu, anakaa tu. Nikasema, huyu mtoto wangu akija kuzaa, mimi sitakuwa mbali."

Nilisikia akiweka sahani chini.

"Na leo nilikuwa nataka kurudi," akasema. "Nilifikiri umekasirika. Gari inalia, na wewe husemi kitu. Nikasema, huyu amechoka na mimi kabla tufike."

"Mama, nilikuwa nakuheshimu."

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu."

Nilisikia akicheka, kicheko cha puani, kisha na mimi kikanishika, tukacheka pale tukitazama mabati mpaka Mutiso akainama dirishani kuuliza kama kuna shida. Maji yalikuwa yamechemka. Tukasukumwa mbele, tukasukumwa nyuma, na yeye akiniambia simama, rudi, haya sasa.

Walipohamia upande wa kushoto aliuliza tena.

"Mtoto ni Wanjiru?"

"Ndiyo, Mama. Jina la mama yangu."

"Kwa hivyo mimi sina wangu."

"Msichana wa pili ndiye wako. Hiyo ni lazima, hakuna mtu anaweza kuibadilisha."

Alifikiria.

"Basi mwambie fundi akunje hiyo fenda vizuri," akasema. "Watu wataongezeka."

Ruiru hadi Kamenu

Mutiso alibana vipande vya mpira ndani ya springi za nyuma ili zisikae sana, akatuamuru tuzunguke naye mtaa mzima, mzigo wote ndani, na yeye mwenyewe juu ya kiti cha nyuma kushoto na malenge mapajani. Tukapanda kila tuta la Ruiru. Aliposhuka alitaka kupiga picha. Nilimwambia apige rimu tu, aache watu.

Sikuenda mbio hata sasa. Kawia ufike, walisema wahenga, na sisi tulikuwa tumeshakawia, imebaki kufika. Kila tuta nililolipanda Mama Nekesa alisikiliza, kisha akatoa taarifa.

"Kimya," akasema tulipopita Juja.

"Kimya," akasema tulipopita Witeithie.

Kule mbele ya Witeithie aliniuliza kama naweza kweli kuendesha bila kuona nyuma. Nikamwambia naweza, kwa shida. Akasema basi nirudishe kioo chini, yeye atafumba macho. Nilipotazama, hakuwa amefumba. Alikuwa anaangalia mashamba yakipita, leso moja amejifunika mabegani.

Tulifika Kamenu taa za maduka zikianza kuwashwa. Majirani walisaidia na jiwe. Nilimfungulia mlango wa chumba nikarudi nyuma, kwa sababu hapo si mahali pangu yeye akiwepo.

Nataka mjue nilichokiona kutoka pale koridoni. Tangu tutoke hospitali, kila aliyeingia chumba kile, mimi pia, alikwenda kwanza kwa mtoto. Tunainama, tunasema kafanana na nani, halafu ndipo tunamsalimu mama yake. Mama Nekesa alimpita mtoto. Alimpita kama hakumwona. Alikwenda na mkongojo wake hadi kitandani, akakaa, akakiinua kichwa cha binti yake akakilaza mapajani, akamwambia kitu kwa Kibukusu. Nekesa akashika leso yake kwa mikono miwili. Hakuwa ameangalia ukuta.

Baadaye ndipo alipomchukua mjukuu, akamtazama kwa muda mrefu, akanituma mimi nikae naye sebuleni ili wao wapate nafasi.

Nilikaa na Wanjiru kifuani. Nilisikia jiwe likisaga. Nilisikia maji, mwiko, sufuria ikishushwa, harufu ya ugali wa wimbi na mrenda ikaja mpaka nilipo. Nikasikia wakizungumza kwa lugha yao, sauti ya mama zaidi, ya Nekesa kidogo. Kisha wakanyamaza, na kimya hicho kiliniogopesha, maana nilikizoea. Nilimshika mtoto nikangoja nisikie sahani ikisogezwa pembeni.

"Mama," nikamsikia mke wangu, "niongezee."

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Alikuwa amesema kwa Kiswahili, na najua alitaka nisikie.